Mstari wa Mama

Seminari Kuu,
Tabora.
2 Novemba 1975

Dada Severa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama hapo Mtaa wa Narung'ombe, wewe na mama. Mimi sijambo, ila vumbi la huku limenipa mafua yasiyokwisha. Nakuwaza sana wewe uliye mbali na macho yangu. Nisalimie mzee Awadhi na cherehani yake, na umshukuru tena kwa kutuazima sanduku lake la posta. Nisalimie na Zamzam wa chumba cha mbele. Yule mwanawe bado anatambaa au keshaanza kuvunja vyombo?

Mwezi uliopita tulipelekwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa tatu kwa lori, kuwasaidia wanakijiji kujenga darasa. Tulifyatua matofali siku kumi. Viganja vyangu vimeota sugu. Marehemu baba angezitazama akacheka, maana alizoea kusema vidole vyangu ni vya karani na wala havitashika randa ya seremala. Nilimkumbuka sana, na ile harufu ya mbao mpya uani kwetu.

Sasa nikuulize. Kila nikipata barua yako huwa sianzii juu, unisamehe. Naanzia chini kabisa, pale mama anapoandika mstari wake kwa mkono wake: "Mimi mama yako ni mzima. Karibu nyumbani." Miaka minne hajabadili hata neno. Katika barua yako ya Septemba mstari huo haupo. Umeandika wewe tu, "mama anakusalimu." Tangu lini mama akanisalimu kwa mkono wa mtu mwingine? Anaumwa?

Krismasi sitakuja. Najua utanuna, lakini nina kazi. Kabla ya kupadirishwa mwakani lazima niandike insha ndefu, nami nimechagua habari ya sadaka: Wayahudi waliielewaje, na sisi Wakristo tukaipokeaje. Kwa Kiebrania sadaka inaitwa korbani. Mtu alichukua mnyama asiye na kilema, akamwekea mkono kichwani, akamtoa. Nimejaza daftari mbili na bado sijaona mlango wa kuingilia.

Niandikie upesi, na mama naye aandike.

Mdogo wako,
Gaudens

*

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo.
20 Desemba 1975

Mdogo wangu Gaudens,

Marahaba. Huku wote wazima. Mwana wa Zamzam hatambai tena, anakimbia, na vyombo keshavunja viwili, kimoja changu. Usinilaumu kwa kuchelewa. Mzee Awadhi alikwenda Kilwa kwenye harusi ya mjukuu wake, ufunguo wa sanduku akautia mfukoni, akakaa huko wiki tano. Barua yako ilikuwa imelala Posta, mwenye ufunguo akila biriani.

Soko jipya limefunguliwa. Ungeliona usingejua kwamba ni pale pale. Paa limesimama kama miavuli iliyogeuzwa, na chini wamechimba soko jingine, wenyewe tunaliita shimoni. Meza yangu ya ndizi iko huko shimoni. Nilimpeleka mama siku ya kwanza, hakupapenda. Alisema pana giza, nikamrudisha nyumbani.

Mimi nalikumbuka soko la zamani, Gaudens. Unakumbuka tukitoka shule tukiingia kwa mlango wa Mtaa wa Swahili, mama hatumwoni kwa wingi wa watu, lakini tunamsikia? Wenzake walitaja ndizi, walitaja utamu, waliwashika watu mikono. Yeye alisema neno moja tu, "karibuuu", akilivuta mpaka linafika kwenye mafungu ya samaki wakavu. Na sisi tulilifuata hilo neno mpaka tunajikuta chini ya meza yake tunapewa ndizi iliyopasuka. Mimi nimejaribu kulisema hivyo huko shimoni, watu wakanigeukia kuuliza kama naumwa.

Umeuliza mstari wa mama. Siku ile alikuwa anakanda unga, mikono imejaa, nami nilikuwa nawahi posta. Basi. Usianze kutafuta mambo.

Hiyo korbani yako nilimpelekea mzee Awadhi. Ilikuwa siku ya Idi ya kuchinja, ametuletea fungu letu la nyama kama kawaida yake, mama akamwekea kiti. Nikamwambia, mzee, mdogo wangu ameniandikia neno la Kiyahudi. Nilipolitamka akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. Akasema, "Binti yangu, hilo si geni humu ndani. Sisi nyama hii tunaiita kurbani. Na wewe unalisema kutwa nzima sokoni hulijui. Karibu. Korbani, kurbani, karibu, akraba, tumbo moja hilo. Kutoa kurbani ni kusogea karibu."

Mama alikuwa anasikiliza. Akamwambia arudie, naye akarudia. Halafu mama akasema, "Basi mimi nimetoa sadaka miaka ishirini pale sokoni bila kujua." Tulicheka wote watatu. Nimekuandikia ili uweke kwenye insha yako, huenda ukapata huo mlango wako.

Na kama kweli sadaka ni kusogea karibu, nieleze kwa nini wewe kila mwaka unasogea mbali. Likizo nne, Gaudens. Wenzako wa Moshi wanapita hapa wakienda kwao, wanatusalimia, wanakula, wanasema Gaudens kajitolea kubaki. Kujitolea gani huko?

Mama anakusalimu.

Dada yako,
Severa

*

Seminari Kuu,
Tabora.
18 Januari 1976

Dada Severa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mimi mzima, mafua yamekwisha, mvua imenyesha mpaka bweni letu linavuja. Nawasalimu wote, wewe uliye mbali na macho yangu, mama, mzee Awadhi. Mwambie mzee kwamba Padri Severine, mwalimu wetu wa Maandiko, nilimsomea maneno yake, akavua miwani akasema, "Huyo fundi cherehani ungemleta afundishe badala yangu." Ni kweli kabisa. Shina la neno ni hilo hilo. Sikulala usingizi wa mchana siku ile kwa furaha.

Nikueleze nilipofika. Wayahudi walikuwa na sadaka za namna nyingi, lakini mbili ndizo zinanikaa kichwani. Kuna ya kuteketezwa, ambayo mnyama wote anaungua juu ya madhabahu, harudi nyumbani hata ukucha. Na kuna ya amani. Hiyo mafuta yanateketezwa, kuhani anapata kidari na paja la kulia, nyama iliyobaki anaila mwenye sadaka pamoja na watu wake. Sisi Wakristo tunasema Kristo alijitoa mzima, mara moja, kisha akatuachia karamu.

Nilipoandika neno kidari nikamkumbuka mbuzi wa baba. Unakumbuka kwa babu Kibosho, ile Desemba ya mwisho kabla baba hajafa? Mbuzi uliyekuwa ukimkatia majani wewe, yule mwenye doa sikioni. Baba alipomchinja ukaenda kujificha mgombani. Nyama ilipoiva, babu na wajomba wote wamekaa, baba akakatisha maneno ya wakubwa, akakuita, akakupa kidari. Akasema, "Mwenye kumpenda ndiye mwenye kumtoa, mimi nimeshika kisu tu." Mimi nilikuona ukila huku machozi yanashuka. Nilikuwa na wivu mpaka nikakataa chakula.

Umeniuliza kujitolea gani. Nimefuta jibu hili mara tatu, sasa naliandika. Mwaka wa sabini na mbili uliponipigia simu ya maandishi kwamba mama ana homa ya mapafu na huenda asipone, niliingia kanisani nikaweka nadhiri. Nilisema, Bwana, mama akipona, sitakanyaga nyumbani mpaka siku nitakapopakwa mafuta mikononi. Mama akapona. Nimetoa kile ninachokipenda kuliko vyote, Severa, nimekitoa chote, cha kuteketezwa. Siwezi kukirudisha. Imebaki miezi kumi na moja tu.

Usimwambie mama. Na mstari wake tena haupo.

Gaudens

*

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo.
12 Februari 1976

Gaudens,

Marahaba. Sisi hatujambo, mzee Awadhi hajambo, Zamzam hajambo. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Barua yako ilipofika nilimsomea mama kama kawaida, nikairuka ile habari ya nadhiri. Nimekuwa hodari wa kuruka. Hata lile neno lako, "uliye mbali na macho yangu," huwa nalipita, mwezi wa nane sasa. Nitakwambia kwa nini.

Juzi Jumanne niliwahi Misa ya asubuhi kabla ya kufungua meza. Injili iliyosomwa ni ya Marko sura ya saba, na ndani yake nikasikia neno lako, nikakaa wima. Bwana Yesu anawaambia Mafarisayo: Mungu amesema waheshimu baba na mama, lakini ninyi mnamruhusu mtu kumwambia mama yake, kile ambacho ungekipata kwangu ni Korbani, nimempa Mungu. Basi hammwachi tena amfanyie mama yake kitu chochote. Wewe umejaza daftari mbili, hukulifikia hilo? Au ulilifikia ukageuza ukurasa?

Mama haoni, Gaudens. Jicho la kulia lilizimika mwezi wa Julai. La kushoto linaona vivuli na mwanga wa mlangoni. Daktari wa macho anasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Kilichobaki nacho amesema huenda kisifike mwisho wa masika. Ndiyo maana hakuandika. Mwezi wa Septemba alijaribu, mstari ukapanda juu ya maneno yangu, akanisikia nimenyamaza, akaichukua karatasi akaichana. Akasema nisikwambie, kwa sababu wewe ni wa Mungu na wa Mungu hasumbuliwi. Nimemtii mpaka leo. Leo nimeshindwa.

Hakuniomba dawa. Hakuniomba kurudi Kibosho. Anachosema ni kimoja, anakisema akichambua mchele kwa vidole: "Laiti ningemwona Gaudens alivyokuwa mtu mzima." Basi.

Wewe unasema umetoa unachokipenda. Mimi nasema umetoa ambacho si chako. Baba alipomchinja yule mbuzi alijua ni wa nani, akaniita. Wewe mama hukumwita. Macho yake hukuyauliza. Miaka minne ambayo angekutazama akashiba umeichoma moto peke yako huko kanisani, halafu unaniandikia kwamba harudi hata ukucha. Na mimi je? Kila Krismasi naweka sahani tatu, mama ananiuliza ya tatu ya nani, namwambia ya mgeni.

Nimekasirika. Lakini wewe ni mdogo wangu na sina mwingine. Njoo.

Severa

*

Seminari Kuu,
Tabora.
2 Machi 1976

Dada Severa,

Shikamoo. Sina habari za huku, wala sitakuandikia tena lile neno la macho.

Nililifikia. Marko saba. Niligeuza ukurasa, kama ulivyosema.

Nilimpelekea Padri Severine barua yako, akaisoma yote. Akaniuliza, "Nadhiri hii uliiweka mbele ya nani?" Nikasema peke yangu. Akasema, "Basi mama yako hakuulizwa." Ameniongoza kwa utaratibu wa Kanisa, nimefunguliwa. Nilidhani nitajisikia mwepesi, badala yake nimelia kama siku ya maziko ya baba.

Nikiri na la mwisho. Nadhiri haikuwa ya mama kupona tu. Niliogopa ile sauti. Nilijua nikiingia uani nikasikia akiniambia karibu, kama tulivyoifuata sokoni, nisingerudi tena Tabora. Nikampa Mungu woga wangu na kuuita sadaka.

Natoka kwa treni. Nitafika Jumatano tarehe 17.

Gaudens

*

Seminari Kuu,
Tabora.
11 Aprili 1976

Dada Severa mpenzi,

Shikamoo. Nimerudi salama, na ile mikate ya ndizi haikufika hata Morogoro. Mnisalimie mtaa mzima. Mwambieni mwana wa Zamzam kwamba kikombe nilichokiangusha mimi asisingiziwe yeye.

Dada, ulinitisha. Njia nzima nilikuwa najiandaa kumkuta mama hanijui. Naye je? Nimeingia tu uani, kabla sijatamka neno, ameinuka pale mlangoni, amenitazama uso kwa uso, amesema, "Umekonda, na hilo shati la bluu linakupendeza." Kisha "karibuuu", ile ile. Wiki nzima alinitazama nikila, akaniambia nina nywele za babu, akaniambia nimeanza kupata mkunjo wa paji la uso kama baba. Aliniona, Severa. Mungu ni mwema, nimewahi. Kila nikikumbuka narudi kuwa mtoto chini ya meza ya ndizi.

Na unajua, nilirudi tena Tabora? Sauti haikunizuia. Imenisindikiza.

Insha nimeianza upya. Walimu wa Kiyahudi, baada ya Warumi kulibomoa hekalu lao wasiwe tena na mahali pa kuchinja, walifundisha kwamba tangu hapo meza ya mtu nyumbani kwake, anapomkaribisha mgeni, inasimama mahali pa madhabahu. Niliposoma hivyo niliiona sahani yako ya tatu. Nimeandika kurasa kumi na nne bila kunyanyua kalamu, na mzee Awadhi nimemtaja kwa jina.

Siku ya kupadirishwa nataka mama akae mbele kabisa, apate kuona kila kitu.

Gaudens

*

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo.
2 Mei 1976

Mdogo wangu Gaudens,

Marahaba. Sisi wazima. Masika yametushika, shimoni maji yameingia na tumeuza ndizi tumevua viatu. Mzee Awadhi amesikia ametajwa kwenye insha, sasa kila mteja anayekuja kupimwa suruali lazima aambiwe kwanza.

Barua yako nilimsomea mama yote, hakuna nilichoruka. Nilipofika pale pa shati la bluu akatabasamu, akaomba nirudie.

Nimekaa nayo wiki mbili nikijiuliza nikwambie au nikuache na furaha yako. Umenifundisha wewe mwenyewe kwamba kitu kikitolewa, mwenye kupewa ajue amepewa nini. Hata kama hukunifundisha, nimechoka kuficha.

Siku ile tulipotoka stesheni, unakumbuka nilitangulia, nikasema nakwenda kuweka maji ya kuoga? Mama alikuwa amekaa mlangoni tangu alfajiri. Akanishika mkono akaniuliza, "Amevaa nini?" Nikamwambia shati la bluu. "Ana ndevu?" Hana. "Amenenepa?" Amekonda. "Paji la uso?" Nikamwambia, mama, paji la uso ni la baba. Akaniambia, "Nigeuze nielekee mlango wa uani, na akija unikoholee." Nilikohoa, Gaudens. Hukunisikia.

Mwanga ulikwisha tarehe 9 Machi, siku nane kabla hujafika. Wiki nzima alikuwa anatazama sauti yako. Nywele za babu alizijua kwa vidole, usiku wa kwanza ulipoinama akuombee baraka. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa hivyo, alisema, "Amekuja toka Tabora kuonwa. Nimnyime?"

Usilie sana. Wala usimwambie unajua. Ile wiki ilimshibisha, anaisimulia mtaani mpaka watu wanakimbia. Siku ya kupadirishwa mweke mbele kama ulivyosema. Nitakaa ubavuni kwake, nitamwambia kila kitu, kidogo kidogo, nikikohoa inapobidi.

Nilikuwa nafunga barua akaomba kalamu. Nimemwekea kidole changu kwenye karatasi aandike akikifuata, ili asipande juu ya maneno yangu. Hajui juu yake nimeandika nini. Mimi nimemaliza, huu ni wake.

Dada yako,
Severa

Mimi mama yako ni mzima. Nilikuona. Karibu nyumbani.